Sahani Haijakwama

Wengi mlikosa kikao chetu cha Jumamosi pale Mikindani, cha kusikiliza sahani za santuri za tekno, ule muziki wa mashine, na tangu Jumapili simu yangu haijapoa: "Fundi, tutumie ulichosema." Haya, ndicho hiki. Nimekiandika kama nilivyokisema, na utani wake. Zile dakika ambazo sahani ilikuwa inazunguka na mimi nimenyamaza, hizo siwezi kuwaandikia.

Mtwara kuchele!

Hiyo ya kivivu. Mtwara kuchele! Hapo sawa. Wageni wetu wa Lindi mliopanda basi la alfajiri, karibuni sana. Shikamooni wakubwa. Vijana, mambo. Assalamu alaikum, Tumsifu Yesu Kristo, Bwana asifiwe. Nadhani sijamwacha mtu.

Kabla sijasema lolote naweka sahani. Naomba dakika nne, tusiongee.

(Nikaweka. Dakika ya kwanza watu walitulia. Ya pili wakaanza kutazamana. Ya tatu kijana mmoja wa mbele akanyoosha mkono: "Fundi, sahani imekwama.")

Ahsante sana, mdogo wangu. Wala usione haya, mana hata mimi nilisema hivyohivyo. Enzi zile bomba la gesi linajengwa na mji umejaa wageni, mgeni mmoja aliniletea amplifaya iliyoungua. Nikaitengeneza. Mkataba wake ulipoisha akaona tabu kurudi na mizigo, akaniachia pleya ya santuri na sahani kumi na nne. Nikafurahi! Nikajua nimepata rumba za zamani. Usiku nikaweka ya kwanza. Du, du, du, du. Juu yake kijisauti kama mtu anagonga kijiko kwenye sufuria, nyumba ya tatu kutoka kwako. Du, du, du, du. Nikamsubiri mwimbaji aingie. Hakuingia. Mke wangu akapaza sauti kutoka jikoni: "Baba, hiyo sindano inaruka, itoe kabla haijaharibika!"

Nikainuka kwenda kuitoa. Nimeshanyoosha mkono, ndipo nikasikia: kile kijiko siyo kile. Mwanzoni kilikuwa kinagonga kikavu. Sasa kina mwangwi, mfupi, kama kimehamishiwa chumba kitupu. Kimehama lini? Sijui! Nimekaa palepale, masikio ninayo mawili, na nimepitwa. Nikarudisha sindano mwanzo nimkamate mwizi. Nikapitwa tena. Usiku ule sikulala mapema.

Muziki huu wenyewe wanauita minimali tekno. Mimi nitauita tekno ya uchache, tuelewane. Ndani yake kuna nini? Kuna kiki. Siyo kiki za mitandaoni, jamani, kiki ya ngoma, lile du la ngoma kubwa. Inapigwa kila pigo, nne kwa nne, bila kukosa, kama mara 120 mpaka 135 kwa dakika. Kuna haiheti, sauti ya yale matoazi madogo, inayojibu katikati. Kuna sauti moja au mbili za ziada. Basi. Hakuna kiitikio, hakuna ubeti wa pili, hakuna gitaa la kuingilia. Kinachobadilika ni vitu ambavyo kwenye muziki mwingine hata huvioni: sauti inafunguka kidogo kidogo kwa dakika mbili, haiheti inatoka kwa mapigo nane, inarudi imechelewa kwa unywele.

Sasa kwa nini mtu mwenye akili zake akae asikilize hiki kitu?

Niwapeleke Tandahimba. Nilipokuwa mdogo, likizo nilikuwa napelekwa kwa mjomba wangu mwenye mashine ya kusaga. Mnaijua kelele ya mashine ya kusaga. Ndani ya kile kibanda huwezi kuongea na mtu, mnaoneshana vidole. Na mjomba alikuwa analala mle! Analala hasa, kichwa kwenye gunia, mdomo wazi, unga umemfanya mweupe kama jini. Halafu ghafla, hakuna aliyemgusa, anafumbua macho, anainuka, anakwenda kwenye mkanda. Umelegea. Siku nyingine anakwenda kwenye chujio. Limetoboka. Mimi nimesimama pale macho makavu, sijasikia kitu, na aliyekuwa usingizini ndiye aliyesikia.

Nilimuuliza amejuaje. Akaniambia, "Imebadilika." Imebadilika nini, mjomba? "Imebadilika." Hakuwa na neno lingine. Ilinichukua likizo tatu. Ya tatu, mchana mmoja niko nje nachezea gololi, nikaacha gololi nikaingia ndani, mkanda ulikuwa umelegea. Mjomba alikuwa ameshainuka, lakini alinikuta mlangoni, akacheka.

Ndugu zangu, ni nani alimfundisha mjomba? Ile kelele yenyewe. Ilijirudia, ikajirudia, ikajirudia, mpaka sikio likaacha kuisikiliza kelele likabaki linavizia badiliko. Ninyi mnaopiga salfa kwenye mikorosho mwezi wa sita mnajua ninachosema: unasikia mashine ya jirani shamba la pili, hujaiona, na unajua mchanganyiko wake wa mafuta umekosewa. Wavuvi wa hapa Mikindani, je? Injini ikianza kukohoa, nahodha amejua kabla haijakohoa. Hilo sikio tunalo. Tekno ya uchache inalitafuta sikio hilo na kulipa kazi saa mbili usiku, umekaa kitini, umeoga.

Na halifanyi kazi palipojaa vitu. Mtu aliyetoka kutafuna pilipili hawezi kukuambia kama uji una chumvi. Naona nyuso za mashabiki wa singeli zimekunjamana pale nyuma. Tulieni, sikuja kuwanyang'anya singeli. Ile kasi ya mapigo 200 na zaidi kwa dakika, ile fujo, ina raha yake na ina akili yake, na imetoka Dar es Salaam ikavuka mpaka majukwaa ya Ulaya. Mimi mwenyewe nikipiga sherehe bila singeli sitalipwa. Nasema tu kwamba ile inakujia mbio, na hii inakaa, wewe ndiye unayeifuata.

Kuna sababu nyingine, na hii ni ya kifundi. Spika yako ina koni moja. Amplifaya yako ina wati zake, haziongezeki kwa maombi. Ukiweka kinanda, magitaa matatu, waimbaji wanne, tarumbeta na ngoma, wote wanagombea koni ileile, na kiki yako inakuwa mtoto wa kumi kwenye sahani moja ya ugali. Waondoe. Kiki haijaongezewa hata nukta moja ya sauti, lakini sasa inaingia chumbani kama mtu mzima, na kifua kinaipokea kabla ya sikio. Vijana mnakuja kwangu, "Fundi, besi yangu haipigi, niuzie sabufa kubwa." Sabufa unayo! Umeiziba mdomo.

Kwenye santuri ndiyo zaidi. Ule mfuo ambao sindano inapita, besi inaufanya uyumbe, upige upana. Besi nzito inataka mfuo mpana, na mfuo mpana unakula nafasi. Ndiyo maana sahani hizi za inchi 12 zinabeba wimbo mmoja au miwili tu kila upande, sahani nzima kubwa kama sinia kwa ajili ya wimbo mmoja. Wamenunua nafasi kwa ajili ya besi.

Halafu wewe mdogo wangu uliyesema imekwama. Ulikosea kwa hii, lakini zipo ambazo usingekosea. Jeff Mills, DJ wa Detroit, Marekani, mwaka 1994 alitoa sahani inaitwa Cycle 30, na ndani yake mna mifuo iliyofungwa: mfuo unazunguka na kurudi ulipoanzia, sindano haitoki mpaka uiinue kwa mkono. Inakwama kwa makusudi. Toeni simu, fungueni kalkuleta. Sahani inazunguka mara 33 na theluthi kwa dakika. Duara moja ni sekunde ngapi? Sekunde 1.8. Weka kiki nne ndani ya duara. Kwa dakika unapata ngapi? Mia moja thelathini na tatu na ushei. Mnaona? Kasi ya kucheza, palepale, imetoka kwenye mzunguko wa mota. Siku nilipopiga hesabu hii niliwaamsha watu nyumbani.

Twende Detroit yenyewe, nitapita haraka. Mji wa viwanda vya magari, Marekani. Mwaka 1950 ulikuwa na watu wapatao milioni 1.85. Mwaka 1990 wamebaki milioni moja na kidogo. Katika miaka ya themanini vijana weusi wa pale walishika mashine za ngoma za Kijapani za Roland, ile 808 ya mwaka 1980 na ile 909 ya mwaka 1983. Zilikuwa zimeshindwa sokoni, kwa sababu zilitakiwa zisikike kama mpiga ngoma halisi na zikasikika kama bati. Zikaishia kwenye maduka ya mitumba kwa bei ya kutupa. Leo mtu anauza gari anunue 909. Na tekno ikazaliwa humo. Ikavuka kwenda Ulaya, na huko mwanzoni mwa miaka ya tisini ikanenepa: kasi juu, kelele juu, kila mtu anaongeza. Ndipo Robert Hood, mtu wa Detroit, akafanya kinyume. Mwaka 1994, kupitia lebo, yaani kampuni ya kutoa sahani, ya Axis ya huyohuyo Mills, akatoa Minimal Nation. Sauti chache kavu, zinazunguka, zinazunguka. Hapo ndipo wengi wanapoanzia kuihesabu tekno ya uchache. Na kwa wale mnaonong'ona kwamba huu ni muziki wa shetani: huyo Hood leo ni mchungaji aliyewekewa mikono, na anapiga muziki wa dansi wenye injili ndani pamoja na binti yake.

Kuna wanaosema uchache ule ni mwangwi wa viwanda vilivyobaki vitupu. Maelezo mazuri, yanapendeza kwenye karatasi. Lakini sisi wa kusini tunajua mradi mkubwa ukifa unaacha nini. Reli ya karanga, ya ule mradi wa karanga wa wakoloni, kutoka bandarini hapa Mtwara kwenda Nachingwea, ilifungwa mwaka 1962. Mbona hatukupiga tekno? Mahame peke yake hayatungi muziki. Naona mtu ambaye vyombo vya kuongeza alikuwa navyo, mbele yake, akaamua kutoongeza. Hilo ni gumu kuliko umaskini.

Kitu kimoja tu cha huko kilinigusa kama mtu wa hapa. Ng'ambo ya mto kutoka Detroit kuna Windsor, ya Kanada. Mto mmoja, nchi mbili. Kijana mmoja wa upande ule, Richie Hawtin, alikuwa anavuka kwenda Detroit kusikiliza, anarudi kwao, anatengeneza. Mwaka 1993, kwa jina la Plastikman, akatoa Spastik: mashine ya ngoma tupu kwa zaidi ya dakika tisa, hakuna hata nota ya kinanda. Mnaokaa karibu na Ruvuma, mnanielewa. Ngoma inavuka mto bila pasipoti. Ukisikia vinganga, zile ngoma ndogo, vinalia upande wa Msumbiji usiku, huulizi ni vya nchi gani.

Sasa nifike kwa shujaa wangu. Sio wa Detroit, wala si wa tekno. Ni fundi redio. Kingston, Jamaika, Osbourne Ruddock, dunia inamjua kama King Tubby. Alikuwa anatengeneza redio na kuunda amplifaya, kama mimi, ila mimi sijawa mfalme. Miaka ya sabini akaanza kuchukua nyimbo zilizokwisha rekodiwa na kuondoa vitu. Anamzima mwimbaji katikati ya neno. Anazima gitaa. Anaacha besi na ngoma, halafu kile kilichozimwa anakirudisha mara moja tu, kimevishwa mwangwi, kinapotelea. Miksa yake ndiyo ikawa kinanda chake. Alitunga kwa kufuta!

Kutoka huko uzi unakwenda moja kwa moja Berlin. Mark Ernestus, aliyefungua duka la sahani la Hard Wax mwaka 1989, na mwenzake Moritz von Oswald, mwaka 1993 walianzisha lebo ya Basic Channel. Humo kuna kiki, mwangwi wa Kijamaika, na ule mkwaruzo wa redio iliyopoteza stesheni. Mkwaruzo! Sisi mafundi tunalipwa kuuondoa, wao wameuacha uwe mvua inayonyesha juu ya bati. Miaka ya baadaye Ernestus huyo akaenda Senegal kurekodi na wapiga ngoma za sabar. Hakuna ajabu. Masikio yake yalikuwa yameshafika huko.

Habari ya kufuta niwape ya nyumbani. Kijana mmoja wa Chikongola, yumo humu ndani, simtaji, aliniletea biti nimsaidie kuisafisha. Nikafungua kompyuta: chaneli arobaini na mbili. Nikamuuliza, hii ya thelathini na tano inafanya nini? Akasema, "Inaongeza." Inaongeza nini? "Inaongeza tu, fundi." Nikamwambia tuzime moja moja. Ukizima ukasikia kitu kimeanguka, irudishe. Usiposikia kitu, ilikuwa inakula bure. Tulizima kuanzia adhuhuri mpaka alasiri. Zikabaki saba. Akaondoka amenuna, akaenda kuwaambia wenzake kwamba fundi ameniibia biti. Wiki mbili baadaye akarudi na biti mpya. Nikahesabu: tisa. Nikamwambia mbili zitoke. Akakataa. Mpaka leo tunabishana juu ya zile mbili, na ninaanza kuhofia kwamba yeye ndiye mwenye haki.

Lakini nisiwadanganye kwamba jambo hili halina mjibu. Lina mjibu, na alinijibu.

Nilikwenda kijiji kimoja huko juu Newala kufunga spika za msikiti. Jirani kulikuwa na mzee mpiga ngoma, nasikia alishapigia ngoma za sindimba na mapiko kabla hata sijazaliwa. Jioni anajiandaa. Amewasha majani makavu, anapasha ngoma yake moto. Anaisogeza, anaipiga kidole, anasikiliza, anaisogeza tena. Hakuna anachoongeza, moto tu, mpaka ngozi inyooke na sauti ipande inapotakiwa. Nikasema, huyu ndiye wa kumsikilizisha. Nikatoa spika yangu ndogo, nikamwekea hiihii mliyoisikia. Alisikiliza yote. Hakusema imekwama! Kichwa kinatikisika, kidole kinagonga pajani, na alikuwa anagonga pale pasipo na kiki, kwenye uwazi. Nikajua nimempata. Ilipokwisha nikamuuliza, "Babu, umeionaje?"

Akasema, "Anajua. Ila nani anamwitikia?"

Nikakosa jibu. Nilikuja kulipata njiani, kama kawaida, nikiwa juu ya bodaboda. Sahani hizi hazijakamilika, zimetengenezwa zikiwa nusu. DJ anakuwa na meza mbili za kuzungushia sahani. Inapozunguka moja anaileta ya pili, anasawazisha kasi kwa kidole mpaka kiki zinakanyagana, halafu kwa dakika kadhaa zote mbili zinakwenda pamoja, na kinachosikika ni wimbo wa tatu ambao haumo kwenye sahani yoyote. Nyimbo zilizojaa haziwezi hivyo, ukiziweka pamoja ni ugomvi wa sokoni. Hizi zimeachiana nafasi. Kwa hiyo, babu, sahani inaitikiwa na sahani.

Nilirudi Newala kumwambia. Akanisikiliza kwa adabu zote. Akasema, "Mimi nikipiga, namwangalia miguu anayecheza. Akichoka, naona. Hao wanamwangalia nani?" DJ mzuri anaangalia miguu, nikamwambia. "DJ, sawa. Na mashine?" Hapo mzee alinishinda, na sijapata la kumrudishia. Mashine haioni miguu. Ndiyo raha yake, haichoki, hairingi, haidai nazi wala sukari. Na ndicho kinachonifanya wakati mwingine niizime saa sita usiku nitoke nje nisikilize kama kuna unyago mahali.

Muda umekwenda, naona muadhini anaangalia saa. Nimebakiza kitu kimoja cha kuwasikilizisha. Kimetengenezwa na Ricardo Villalobos, mzaliwa wa Chile aliyekulia Ujerumani, na kilitoka mwaka 2006. Kinaitwa Fizheuer Zieheuer. Ni kiki, vijingoma, na kipande cha tarumbeta za Balkani kinachokuja, kinaondoka, kinarudi. Dakika 37. Nakipiga kutoka kwenye kompyuta, sahani yake sina. Chai ya tangawizi iko pale nyuma na mihogo bado ya moto, akina mama wamehangaika, msiiache. Milango tuiache wazi. Anayetaka kwenda kuswali magharibi aende kwa raha zake, akirudi atatukuta palepale. Na akiona siyo palepale, aje aniambie kimebadilika nini.